Kibano cha Bundi

Soko la Jumapili kando ya mto mjini Ljubljana lilikuwa limefurika. Neža, amevaa koti lake jekundu, aliinama kuokota beringi kuukuu za mashine, na mkono wa mwanamume ukazidaka papo hapo.

"Dada, nilishaziona mimi."

"Uliziona ukazihurumia, au? Achia!"

Gašper, mtengeneza magita, alicheka. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa hadi kwenye nyusi. Ubishi wakaumalizia kwenye kahawa na keki ya kokwa za jozi, wakapeana namba.

Kuanzia hapo simu haikupoa. Gašper alimsimulia habari za mashine yake ndogo ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta. Ilikuwa ikitetemeka vibaya, mpaka alipoifungia kibano cha kushikilia mota, kilichobuniwa na mtu ajiitaye Bundi, aliyekitoa bure mtandaoni. Neža alisikiliza bila kujitaja, ingawa Bundi alikuwa yeye.

"Ila mpenzi," Gašper akasema jioni moja, "wenzake Bundi wote huweka picha za mashine zao. Yeye hata moja! Huyo hana mashine, anatuchezea tu."

Neža akakata simu. Ni kweli hakuwa na mashine. Aliiuza baada ya majirani wa ghorofani kuchoka na kelele zake, na kibano alikibuni baadaye, kwa kuchora na kupiga hesabu tu. Hakuwahi kukiona kikifanya kazi. Kwa aibu, akaacha kupokea simu.

Wiki ikapita. Gašper akaja kugonga mlango.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Bundi ni mimi. Haya, nicheke!"

Gašper akamshika mkono. "Vaa koti. Twende."

Karakanani aliwasha mashine. Kisu kikazama kwenye ubao, na ua la kupambia gita likaanza kuchomoza, petali kwa petali, jembamba kama ganda la kitunguu.

"Weka kiganja hapa, kwenye fremu."

Neža aliweka. Mtetemo ulikuwa mdogo mno, kama wa paka aliyeshiba. Alikitazama kile kibano cheusi, kitu kilichotoka kichwani mwake, kikiushika uzito wote ule bila kuyumba. Machozi yakamtoka.

"Mungu wangu. Kinafanya kazi!"

"Kila siku. Nilibwabwaja, mpenzi. Nisamehe."

"Nyamaza kwanza, niache nikitazame."

Walisimama hivyo mpaka ua likakamilika. Gašper akauliza kwa woga, "Kesho utarudi?"

Neža hakuondoa mkono. "Nani kakuambia naondoka? Weka ubao mwingine."