Nyangumi wa Mwambani Hakanyagwi

Sogeeni karibu, watoto, niwasimulie. Lakini nawaambia mapema: leo nimekasirika.

Mbali sana, huko Australia, kuna msitu wa mikaratusi. Ndani ya msitu kuna njia ya waendao kwa miguu. Kando ya njia kuna mwamba mpana, umelala kama mkeka.

Juu ya mwamba ule kuna nyangumi. Si nyangumi wa nyama na mafuta. Ni nyangumi wa kuchongwa.

Walimchonga mababu zake Kiah, zamani za kale. Walichukua jiwe gumu, wakagonga. Ko! Ko! Ko! Kitundu kimoja, kitundu cha pili, kitundu cha tatu. Kisha wakaviunganisha vitundu vyote, ukawa mstari mmoja mrefu.

Kiah ana miaka sita. Kila Jumamosi huja na bibi yake, Bibi Elsie, kumwamkia nyangumi.

Huvua viatu pembeni. Husema, "Shikamoo, mzee. Tumekuja."

Kwa kawaida huja jioni. Jumamosi hii Kiah alikuwa na haraka, wakafika saa sita mchana. Jua lilikuwa utosini.

Kwatu! Kwatu! Kwatu!

Ni nini hicho? Ni mabuti! Mabuti makubwa yenye soli za meno, yanatembea juu ya mgongo wa nyangumi!

Masikio ya Kiah yakachemka. Akapiga kelele:

"Hapana, hapana, hapana!
Huyo ni mzee wetu! Mzee hakanyagwi!"

Mwenye mabuti akageuka. Alikuwa bwana mrefu, ana kamera shingoni. Sisi tutamwita Bwana Mabuti. Jina amejitafutia mwenyewe.

"Mzee yupi?" akauliza Bwana Mabuti. "Mimi naona jiwe tu."

Akashusha begi lake. Pu! Akalitua juu ya tumbo la nyangumi.

Jamani! Tumboni!

"Hapana, hapana, hapana!
Huyo ni mzee wetu! Mzee hakanyagwi!"

"Kiah," akasema Bibi Elsie, "sema na mgeni vizuri."

"Nasema vizuri, Bibi. Ila kwa sauti kubwa."

Bwana Mabuti akainama, akapapasa mwamba. "Ahaa, kweli kuna mstari! Lakini kwenye picha hautaonekana. Ngoja niusaidie."

Akaokota jiwe lenye ncha.

Mmesikia, watoto? Eti kusaidia!

Kwaruuu!

Mkwaruzo mweupe ukatokea mkiani mwa nyangumi.

"Weka jiwe hilo chini!" akasema Bibi Elsie. "Mstari huo una wenyewe. Haukwaruzwi na mpita njia. Ukiharibika, hatuna mwingine."

"Kidogo tu, bibi," akasema Bwana Mabuti. Akasogea tumboni, mahali ambapo mstari ni mwembamba kama uzi.

Kiah hakungoja. Akaliburuta lile begi mpaka pembeni. Akanong'ona, "Nisamehe, mzee." Kisha akalala kifudifudi juu ya tumbo la nyangumi, akaufunika mstari kwa mwili wake.

"Toka hapo, mtoto," akasema Bwana Mabuti. "Hasira hasara."

Hasira hasara? Na kumkwaruza nyangumi wa watu, hiyo ni faida? Ebo!

"Sitoki!" akasema Kiah.

"Mpaka lini?"

"Mpaka jua lishuke. Ndipo utamwona."

"Mtoto anasema kweli," akasema Bibi Elsie. "Jua likiwa utosini, mwamba hauonyeshi kitu. Jua likiinama, mambo yote yanaonekana. Kaa chini usubiri."

Bwana Mabuti akatazama saa yake. Akaguna. Akakaa pembeni, amenuna.

Kiah naye akanuna palepale alipolala.

Bibi Elsie akamvisha Kiah kofia yake pana. Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akampa kila aliyenuna kikombe chake.

Saa nane. Saa tisa. Saa kumi.

Ndege mmoja akacheka mtini. Kwa-kwa-kwa-kwaa! Hakuna mwingine aliyecheka.

Saa kumi na moja, jua likainama. Kivuli kikaingia taratibu ndani ya mstari.

Kiah akainuka. "Haya, tazama sasa."

Mkia ukaonekana. Mgongo ukaonekana. Jicho likaonekana.

Na tumboni, pale pale begi lilipotuliwa, akaonekana nyangumi mwingine. Mdogo. Amejikunja ndani ya mama yake.

Bwana Mabuti akaduwaa. Akaliangalia jiwe lenye ncha. Akamwangalia nyangumi mdogo.

"Nilitaka kumkwaruza mtoto," akasema polepole.

"Ndiyo," akasema Kiah.

Hakumwambia, "Si neno." Kwa sababu lilikuwa neno, tena kubwa!

Bwana Mabuti akavua mabuti. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia.

"Nisameheni," akasema. "Na ule mkwaruzo wa mkiani, utafutika?"

"Haufutiki," akasema Bibi Elsie. "Utakaa hapo hapo. Wajukuu wa Kiah watauona."

Hapo Kiah akalia. Alilia kwa hasira, machozi tele, hadi sauti ikamkauka.

Mara, kutoka njiani:

Kwatu! Kwatu! Kwatu! Kwatu!

Wapita njia wengine! Watano, wote na mabuti! Wanakuja mbio kupiga picha!

Kiah akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Lakini Bwana Mabuti aliruka kama panzi. Akakimbia na soksi zake, akasimama mbele yao, mikono ameitanua.

"Hapana, hapana, hapana!" akapiga kelele. "Huyo ni mzee wao! Mzee hakanyagwi! Vueni viatu, kaeni chini, mimi nitawaonyesha!"

Wale watano wakasimama. Wakavua mabuti, mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga.

Usiku, Kiah alikuwa kitandani. Bibi Elsie akamfunika shuka.

"Bibi, bado nimekasirika."

"Hata mimi, mjukuu wangu."

"Na yule mdogo wa tumboni?"

"Yuko salama. Hana mkwaruzo hata mmoja. Wewe ndiye uliyemlinda."

Kiah akatabasamu kidogo tu. Kisha akalala.

Haya, nanyi mlale, watoto. Mimi hasira zangu zitapoa kesho.