Mahindi Yaliyovikwa Magunia

Kila asubuhi fundi cherehani alifagia kibaraza chake. Alifunua mashine, akaitia mafuta matone mawili. Kisha alichungulia shamba la wifi yake, ng'ambo ya kijia.

Mahindi ya wifi yalikuwa ya kijani kibichi. Wivu ukamshika.

"Yamefika magotini," alimwambia mumewe.

"Na ya kwetu je?"

"Usiniulize."

Mume akacheka. "Dada yangu hana miujiza. Ana jembe tu."

Kikundi cha wakulima kilikuwa kimewapa wanawake hawa kopo moja moja la mbegu mpya. Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, angekuja kukagua. Shamba zuri zaidi ndilo lingetoa mbegu za kikundi kizima. Fundi aliitaka sana heshima hiyo. Tena hakutaka wifi aipate.

Basi akashona. Aliunganisha magunia makuukuu, akapata pazia kubwa. Alilitandaza juu ya miti mifupi, likafunika mistari yake yote sita.

"Unayavisha mahindi gauni?" wifi aliuliza kutoka kijiani.

"Nayasitiri na macho ya watu."

"Watu gani, wifi? Hapa tupo mimi na kuku!"

"Basi kuku wana kijicho."

Wifi alicheka mpaka akaegemea jembe. "Haya. Chema chajiuza."

Mahindi yakakaa kivulini siku kumi na mbili. Yalirefuka, lakini yalikuwa membamba na laini. Fundi aliona urefu tu. Siku moja kabla ya ukaguzi, saa sita mchana, jua likiwaka, alilivuta pazia lote kwa mara moja. Alitaka wifi aone.

Kesho yake asubuhi majani yalikuwa yamepauka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Mengine yalikuwa na mabaka meupe. Chini, udongo ulikuwa umelowa, na fundi hakuwa amemwagilia. Nyayo zilielekea kijiani.

"Wifi! Umeyamwagia nini mahindi yangu?"

"Maji."

"Maji gani yanayopausha majani?"

"Ya kisima changu. Jana jioni niliyaona yamenyauka, nawe ulikuwa na wateja. Nikaleta ndoo nne."

"Nani alikutuma? Umeniharibia!"

Safari hii wifi hakucheka. Fundi alishika mche wa kwanza, akaung'oa. Akashika wa pili.

"Uache huo!" Bibi shamba alikuwa akishuka kwenye baiskeli. Aliinama, akaligeuza jani taratibu. "Haya yalikuwa chini ya nini?"

"Magunia," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Ya nini?"

Fundi akapangusa udongo kwenye mizizi ya mche alioung'oa.

"Kuyakinga na kuku," wifi alisema upesi.

Bibi shamba aliwatazama wote wawili, akaendelea. "Jani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ndani yake mna protini ndogo mno zinazofanya kazi hiyo. Lakini mwanga huohuo, ukiwa mkali, huziharibu."

"Mbona majani yote ya shambani hayafi?" fundi aliuliza.

"Kwa sababu yanajikarabati. Kila siku jani huondoa protini iliyoharibika na kuweka mpya. Sindano ya cherehani ikikatika, unatupa mashine?"

"Nabadilisha sindano."

"Jani nalo hufanya hivyo. Lakini lililozoea kivuli halijajiandaa kwa jua kali. Ukilifunua ghafla, sindano zinakatika haraka kuliko linavyoweza kubadilisha. Likiwa na kiu, ndiyo kabisa."

"Sasa nipulize dawa gani?"

"Hakuna dawa. Saa za jua kali rudisha pazia, na kila siku lipunguze kidogo. Mwagilia asubuhi na mapema. Weka samadi iliyooza vizuri. Ina nitrojeni, na bila nitrojeni jani haliwezi kutengeneza protini mpya. Mabaka meupe hayatapona. Yaliyopauka kidogo yatapona, na majani mapya yatachipua yakiwa yamezoea jua. Nitarudi baada ya wiki tatu." Akapanda baiskeli. "Na huyo niliyemsikia akigombezwa kwa kumwagilia jana ndiye aliyeyaokoa."

Fundi aliutazama mche mkononi mwake. "Wifi..." alianza.

Wifi aliuchukua ule mche. Alichimba kishimo kwa vidole, akaurudisha udongoni, akaushindilia. "Nisamehe baadaye," alisema. "Sasa shika pazia upande huo."

"Mimi ndiye wa kusamehewa!"

"Basi shika kwa mikono miwili."

Kila siku walilikunja pazia kidogo zaidi. Siku ya nane likakunjwa lote. Majani mapya yalitoka mapana, ya kijani.

Bibi shamba aliporudi, alisifu mashamba yote mawili. Lakini mbegu za kikundi alichagua zitoke kwa wifi.

Ilimuuma fundi, tusidanganyane. Aliingia ndani. Watu wakadhani amesusa. Alitoka na mkasi, akaanza kulifumua lile pazia.

"Unafanya nini?" wifi aliuliza.

"Mbegu zako zitakaa wapi? Nashona mifuko."

Wakati wa mavuno kila mmoja alijaza ghala lake. Ule mche uliong'olewa ulizaa muhindi mmoja mdogo. Fundi hakuupika. Aliutundika ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo jicho lake hufika kila asubuhi kabla ya kuvuka kijia.