Mashine ya Tatu

Haya yalimpata jirani yangu, fundi wa mitandao. Alikuwa akifungua njia kati ya kompyuta kuu ya hospitali na mashine pepe tatu za Linux, zile zisizo na mwili, zinazoishi ndani yake. Bila njia hiyo, majibu ya maabara hayafiki wodini.

Taa za chumba cha kompyuta zikazimika; kompyuta yenyewe ikabaki kwa betri. Mlinzi, Mungu ambariki, akamwachia tochi yake.

“Dada, toka. Chumba hiki hakitaki watu.”

“Kisitake. Kuna wagonjwa wanangoja. Sitoki.”

Kwenye laptopu yake akaiita mashine ya tatu. Ikajibu kwa mlio, tii. Ndipo akakumbuka hajaiwasha bado.

Akachomoa waya wa mtandao kwenye laptopu, akaushika mkononi. “Haya, jibu sasa.”

Tii. Kisha tii nyingine, kabla hajaita.