Nasibu bin Mattar

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, kahawa inazunguka, halua imekatwa, na Majid kasimama mbele ya bango la shajara ya ukoo ukumbini kwa Bi Asila, Kiponda, Unguja, kifua mbele, utasema anasoma khutba ya Idi.

"Mattar bin Seif," akaita.

"Mungu amrehemu," wakajibu watu.

"Nasibu bin Mattar."

"Naam."

Sauti ilitokea kwenye ngazi. Ya mzee, tulivu, ya mtu aliyeitwa naye yuko mlangoni anavua viatu.

Sasa hapa lazima tuelewane. Jumuiya ya Nasaba, ile yenye chumba chake Malindi juu ya duka la vitambaa, haimkabidhi mtu shajara kimyakimya kama anakabidhiwa bili ya umeme. Ikishapigwa chapa hupelekwa kwa wenyewe na kusomwa mbele za watu, kutoka mababu wa juu kuteremka. Marehemu huombewa rehema. Aliye hai huitika mwenyewe, naam. Utaratibu ndio huo, na tangu Jumuiya iundwe hakuna marehemu aliyewahi kujiitikia.

Vichwa viligeuka. Bi Asila akaenda kuchungulia ngazini, akarudi akipangusa mikono kwenye kanga.

"Hapana mtu. Labda kuna mwenziwe kamwita huko nje. Endelea, mwanangu, halua isije ikakauka."

Watu wakacheka, Majid akaendelea. Harub bin Nasibu, Mungu amrehemu. Jamil bin Harub, mumewe Bi Asila, Mungu amrehemu, na hapo Bi Asila akajifuta macho. Mwisho Ghaliya binti Jamil, bibi harusi mtarajiwa, akaitika naam kwa haya, na wanawake wakapiga vigelegele. Shughuli ikaisha vizuri. Ila kati ya wote waliokuwemo mle, Majid peke yake ndiye aliyejua kwamba Nasibu bin Mattar hajapata kuzaliwa.

Majid skuli aliiacha kidato cha pili, mwenyewe akisema ilikuwa inamchelewesha. Jumuiya ilimchukua kwa vile ana mdomo: wazee wasiotaka kuzungumza na mtu walizungumza naye. Alikwenda nao na kinasa sauti chake, akawachekesha, akawachokoza, wakamtajia shangazi na binamu hata wale waliogombana nao. Alisafisha majiwe ya makaburi akayapiga picha, alinakili vyeti vya ndoa vilivyoliwa na mchwa. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Tatizo lake lilikuwa kujigamba. Alimwahidi Bi Asila kwamba shajara itakuwa tayari kabla upande wa bwana harusi hawajaja kupokea jawabu, maana hao ni watu wa kuuliza nani mtoto wa nani mpaka wafike Oman. Na shajara ikakwama. Wote walijua Harub ni mjukuu wa Mattar, ila babake Harub hakuna aliyemjua. Kila mzee alitikisa kichwa.

"Tusilolijua tunaliachia duara tupu," alimwambia Mzee Muhannad, mwenyekiti wa Jumuiya. "Duara tupu si aibu, Majid. Hapo tunasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

"Nimekufahamu, mzee."

Alimfahamu, lakini hakumfuata. Mzee alipotoka kwenda kuswali, Majid alibaki na mashine ya chapa, akalitazama lile duara. Nasaba imekwama, akajisemea, basi tuitie Nasibu. Akacheka peke yake chumbani. Akalitamka jina kwa sauti, Nasibu, Nasibu bin Mattar, asikie kama linakaa vizuri. Likakaa. Akalipiga chapa.

Baada ya usomaji ule, kikohozi kikaanza kusikika nyumbani kwa Bi Asila.

Kile kikohozi kila mwanamke wa Mji Mkongwe anakijua. Mwanamume akipanda ngazi za nyumba ya watu hukohoa kidogo, wenye kujifunika wajifunike. Adabu tu. Basi Bi Asila na Ghaliya wakawa wanakisikia mchana kweupe, baada ya adhuhuri, watu wamelala. Wanavuta kanga, wanatengeneza vichwa, wanangoja. Hapandi mtu. Inapanda harufu: kanzu iliyokaa sana sandukuni, na chini ya hiyo harufu nyingine, baridi, kama ya maji ya kisima kilichofunikwa siku nyingi.

Bi Asila alimpigia simu Majid, kwa kuwa ndiye aliyeileta ile shajara, akamwita aje.

"Unasikia?" alimnong'oneza.

"Sisikii kitu, Bi Asila."

"Ndio hivyo. Tokea jana hakohoi tena. Mtu hukohoa kwa watu, mwanangu. Kwake hakohoi."

Majid akataka kutia mzaha, ndio dawa yake ya kila kitu, lakini macho yakamwangukia Ghaliya. Ghaliya alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba chake, kajikunja, kanga kaifunika mpaka vidoleni.

"Ananiita mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hanitishi. Ananiuliza nshakula. Kisha ananambia kwetu kuna nafasi."

"Kwetu wapi?"

"Simuulizi. Naogopa atanijibu."

Akaifunua kanga, na Majid akaona miguu ya Ghaliya imetiwa hina, mbichi bado, yenye rangi iliyokoza kuanzia nyayo mpaka juu ya vifundo, maua yenye miiba na majani yaliyopinda kinyume ambayo hapana fundi wa hina Unguja nzima anayeyachora, na Bi Asila akaapa kwamba mwanawe alijilaza kidogo tu baada ya chakula, miguu yake mitupu, mlango wazi, mama mtu yuko hapo hapo anachambua mchele.

Jawabu la posa lilikuwa la Ijumaa. Upande wa bwana harusi wakaja na manukato yao na mzee wao aliyevaa joho, wakakaa, wakatazama shajara ukutani wakaridhika. Ami Salmin, mdogo wake marehemu Jamil, ndiye walii, mwenye haki ya kumuoza. Akajiweka sawa ili aseme tumekubali. Akafungua mdomo, na iliyotoka haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mzee, tulivu, yenye baridi, na wakati inasema macho ya Ami Salmin yalikuwa yanawatazama watu mmoja mmoja, kama anayeomba avuliwe nguo inayombana.

"Mkubwa yupo. Mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Mjukuu wangu nnamuoza mwenyewe, na ninamuoza kwetu."

Wageni walitoka bila kuaga, mmoja kasahau kofia yake.

Sasa ilikuwa wazi Ghaliya anachukuliwa, na aliyemfungulia mlango anayemchukua ni yeye Majid, na hakuna wa kumpelekea mzaha huo. Akaenda Makunduchi kumtafuta Bi Mwanamwema, mama mmoja mwenye shamba la mwani na mkono wa kutoa mashetani, akamkuta ana kamba za mwani mapajani. Akamueleza yote, hakuacha kitu.

Bi Mwanamwema hakushtuka. Akaendelea kufunga fundo.

"Wapo wengi hawa wasio kwao," alisema. "Wanazunguka tu. Nyumba ya watu hawaingii, kwa kuwa wataingia kama nani? Wewe umempa baba, umempa mtoto, umempa wajukuu. Kisha ukamwita, tena mbele ya watu. Ulitaka asiitike?"

"Nilikuwa nafanya mchezo, bi."

"Naona. Nitakuja. Lakini uskize: nitakayemfukuza atauliza maswali. Hapana wa kumjibu. Hata akiuliza leo siku gani, kaeni kimya."

Walikusanyika tena ukumbini pale pale, alasiri, madirisha yamefungwa kwa amri ya Bi Mwanamwema. Bi Asila, Ami Salmin, Mzee Muhannad na tasbihi yake, Majid. Ghaliya katikati juu ya mkeka. Hina yake ilikuwa imefika magotini. Ubani uliwekwa chetezoni, na moshi badala ya kupanda ukateremka, ukatambaa sakafuni kuelekea ngazini kama kuna anayeuvuta.

Mzee Muhannad ndiye aliyesoma safari hii. Sauti yake ilikwaruza lakini haikusimama.

"Mattar bin Seif."

"Mungu amrehemu."

"Harub, na babake Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

"Mungu amrehemu," wakasema, na chini kwenye ghala kitu kizito kikasogezwa juu ya jiwe.

Harufu ikaja kabla ya sauti, ile ya maji yaliyofunikwa, ikajaa mdomoni mpaka mtu anaionja, na sauti ilipokuja haikutoka ngazini wala kwa Ami Salmin, ilitoka kila pahala kwa pamoja, chini ya mkeka, nyuma ya bango, ndani ya birika la kahawa.

"Mmeniruka," ilisema.

"Hukuwahi kuwamo," alijibu Bi Mwanamwema. "Toka kwa salama. Hawa si wako."

"Basi mie wa nani?"

Kimya.

"Jina nnalo. Jina mtu hajipi. Jina hupewa na babake. Nani kanipa?"

Bi Mwanamwema akainua kidole, akamzungushia kila mtu: kimya. Tena kimya. Na hapo Ghaliya akasimama, macho yamefumba, akaanza kutembea kuelekea ngazini taratibu kama bibi harusi anayesindikizwa, mamake akamrukia akamshika kiunoni akaburutwa naye, Ami Salmin akamshika mkono na mkono ukamteleza kama samaki, na kila hatua aliyoteremka ile hina ilikuwa inapanda, mapajani, mikononi, ikachipua shingoni, na chini kule kwenye ghala, pale palipo na kisima kilichozibwa tangu marehemu Jamil akiwa mtoto, palikuwa panasikika watu wengi wanaongea kwa furaha, vyombo vinagongana, ngoma inajaribiwa ngozi, kama nyumba yenye shughuli inayomngoja wa mwisho afike.

"Nambieni nani kanipa jina," ilisema sauti, bila hasira yoyote, "nami msichana ntamwacha."

"Usijibu," alisema Bi Mwanamwema, na alikuwa anamtazama Majid.

Ghaliya alishafika kwenye kona ya ngazi. Kilichoonekana ni kichwa chake tu, na mkono wa mamake.

"Mie," akasema Majid.

Kwa mtu mwenye mdomo kama ule, hilo lilikuwa neno dogo kuliko yote aliyopata kusema. Likatosha. Zile kelele chini zikakatika, kama mlango umefungwa. Ile harufu ikapita usoni mwake, kwa karibu sana, kama pumzi ya mtu anayekutazama vizuri ili asikusahau, halafu ikatoweka. Ghaliya alikaa juu ya ngazi, akajitazama mikono. Ilikuwa mitupu, na miguu mitupu. Akaomba maji.

Bi Asila alilia kwa sauti. Mzee Muhannad alikwenda kwenye bango akalitoa ukutani, akalikunja. Ami Salmin akamkumbatia Majid, akamwita mwanamume. Majid kidogo kifua kikaanza kurudi mahala pake.

"Basi yamekwisha, bi?" akamuuliza Bi Mwanamwema.

Mama wa watu alikuwa anafunga kifurushi chake cha ubani, hakuinua macho. Majid akampa mkono amuage. Hakuupokea.

"Hapa yamekwisha," alisema. "Nenda kwenu."

Alifika Kiembe Samaki jua linazama, barabarani watoto wanaitwa waje ndani. Njiani alikuwa ameshaanza kukisimulia kisa kichwani, apunguze wapi, aongeze wapi, neno lile "mie" alitamke vipi liwe na uzito. Mamake, Bi Mize, alikuwa amesimama nje ya mlango, kitu asichokifanya magharibi hata siku moja. Kajitanda kanga mpaka kwenye kidevu. Nyuma yake taa ya chumba cha mbele ilikuwa inawaka.

"Mama, mbona uko nje?"

Akamvuta mkono, wakasogea pembeni ya nyumba, akanong'ona.

"Majid, una nini wewe? Umefanya nini huko mjini? Kuna mzee kaja. Mzee sana, mwanangu, mzee kuliko babangu alivyokufa. Kaingia bila hodi, kaja na mkoba wake, kaupeleka chumbani kwako. Kauliza baba anarudi saa ngapi. Nikamuuliza baba yupi, akanambia Majid."

Majid akachungulia kuelekea mlangoni.

"Kisha akanipigia magoti, mtu mzima vile, akanishika mkono akaubusu. Mikono yake baridi. Kanambia, shikamoo, bibi."

"Mama," alisema Majid. "Hukumjibu."

Bi Mize alimtazama kama mtu asiyefahamu anaulizwa nini.

"Mtu kakupa shikamoo, utaacha kumjibu? Nimemwambia marahaba, mjukuu wangu."