Ujumbe wa Chiriku

Kila alasiri baada ya masomo, Chiriku, kama wenzake walivyomwita kwa wingi wa maneno yake, alimshika mkono kaka yake wakaenda maktaba ya shule. Kaka haoni. Alikuwa akivaa visikizi, na programu ya bure ya kompyuta ikimsomea vitabu kwa sauti.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa kaka, likaja toleo jipya la programu. Tangu hapo ikawa inasoma ukurasa mmoja, kisha kimya.

Chiriku alipandwa na hasira. Akafungua tovuti ya watengenezaji, akaandika: "Wavivu wakubwa! Kama kazi imewashinda, acheni!"

Kesho yake alikuta jibu: "Miaka sita nimeitunza programu hii peke yangu. Leo nimeacha. Kwaherini."

Akaifunga tovuti haraka. Hakumwambia mtu. Darasani, jikoni, hata akifua nguo, lile "kwaherini" lilimwandama. Na kaka alipoketi mbele ya kompyuta iliyonyamaza, akauliza, "Chiriku, bado tu?", alijifanya anatafuta kitabu rafuni.

Siku ya tatu yakamshinda. Alimweleza mwalimu wa maktaba kila kitu huku machozi yakimtiririka.

"Ulidhani yuko ofisini, analipwa mshahara?" mwalimu aliuliza. Akamfungulia maelezo ya mtengenezaji. "Soma."

Chiriku akasoma: "Mimi ni muuguzi. Kazi hii naifanya siku zangu za mapumziko, kwa kujitolea. Mama yangu haoni."

"Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Omba radhi. Kisha eleza tatizo: linatokea wapi, ulikuwa unafanya nini, na ni toleo lipi. Matusi hayamwonyeshi fundi palipoharibika."

Chiriku akaandika, akafuta, akaandika tena. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Nimekusamehe, mwanangu, lakini sirudi. Nimechoka, na si wewe tu uliyenichosha. Maelezo yako nimempa mwenzangu aliyekubali kuipokea kazi."

Mtihani ukiwa umebakiza siku tatu, programu ikasoma kitabu kizima bila kukwama. Kaka alicheka kwa furaha. Chiriku hakucheka.

"Mwalimu, amenisamehe. Mbona bado naumia?"

"Kwa sababu neno likishatoka halirudi," mwalimu alisema taratibu. "Anayekusaidia kwa hiari si mtumishi wako. Mwulize kwa adabu, mweleze kwa usahihi, na umshukuru angali yupo."