Machozi Ambayo Baba Hakuyatoa

Nyamizi alikuwa akipanga magauni ya mtumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu aliposimama mbele ya meza yake, akajifanya anachagua.

"Kaka, hizo nguo za kike."

"Najua, dada. Natafuta sababu ya kusimama."

Aliitwa Clement, mchana mistari wa hip hop kutoka Iringa, mtoto wa mwalimu. Wakazoeana, wakapendana. Siku moja, wakila ndizi za kuchoma, Nyamizi akamweleza asichowahi kumweleza mtu: baba yake, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Rujewa, alipoteza ng'ombe wote kwa ukame, lakini kila asubuhi bado hufungua lango la zizi tupu.

Miezi kadhaa baadaye, redio ya jirani sokoni ikapiga wimbo mpya. Sauti ilikuwa ya Clement: "Mimi mtoto wa zizi tupu, nimemwona baba akilia..." Kisha mtangazaji akamuuliza kama hayo ni maisha yake. Clement akacheka tu.

Nyamizi akapiga simu.

"Zizi lenu liko wapi pale Iringa?"

"Mpenzi, ule ni uhusika. Kwenye hip hop naweza kusema 'mimi' nikawa namsemea mwingine."

"Sawa. Mbona ulipoulizwa hukusema?"

Nyamizi hakungoja jibu.

"Na baba hakulia, Clement. Umemliza wewe upate vina."

Akakata. Wiki zikapita bila yeye kupokea simu za Clement. Mwishowe rafiki yake Faustina akamburuta hadi Iringa, kwenye onyesho. Nyamizi akasimama nyuma kabisa, akiwa amevaa gauni la kijani.

"Wimbo huu si maisha yangu," Clement alisema jukwaani. "Nilisimuliwa na mtu ninayempenda, nikajivika yasiyo yangu."

Akauchana upya: mtoto wa mwalimu, asiyejua hata kukamua, anasikiliza habari za mzee anayefungua lango. Hakuna aliyelia ndani ya wimbo huo. Shangwe zilipungua, wengine wakatoka kununua soda.

Nje, kwenye baridi, Clement akamkuta Nyamizi akimsubiri.

"Umepoteza mashabiki."

"Kidogo."

"Ule wa kwanza ulikuwa na vina vikali."

"Najua. Nipeleke Rujewa kwa mzee."

"Ukaombe ruhusa ya wimbo?"

"Ya wimbo kwanza."

Nyamizi akageuka pembeni, asionekane anatabasamu.