Kitambaa Kinachorudi

Kimya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Kidoti, mwenzake wa dawati, alikuwa akitoka darasani kinyumenyume, mgongo ukigusa ukuta. Wengine walidhani ni mchezo tu. Kimya aliitazama sketi ya Kidoti: nyuma ilikuwa imechakaa hadi mwanga unapenya.

Jioni, alipokuwa akifagia chini ya cherehani ya shangazi yake, aliokota kipande cha kitambaa cha buluu.

"Shangazi, nichukue hiki?"

Shangazi alikuwa amebana pini midomoni. "Chukua. Lakini hicho kipya, kinarudi."

Kinarudi? Kiraka kitarudi vipi? Kimya aliona haya kuuliza, akakichukua hivyo hivyo, akakishona kwenye sketi ya Kidoti.

Siku ya kwanza kiraka kilikaa vizuri, na Kidoti alizunguka uwanjani kama pia. Lakini sketi ilipofuliwa, kiraka kilijikunja, kikavuta kitambaa chakavu hadi kikachanika. Asubuhi mstarini, mvulana mmoja akapaza sauti, "Jamani, sketi imenuna!" Kicheko kikalipuka. Kidoti akatimua mbio kwenda kwao, na kesho yake Kimya akakaa dawatini peke yake.

"Shangazi," alisema jioni hiyo, machozi yakimlengalenga, "ulisema kinarudi. Kwani kimerudi wapi?"

Shangazi alicheka hadi pini zikamwagika kutoka midomoni. Alipoyaona machozi, akamvuta karibu. "Kurudi ni kusinyaa, mwanangu. Kitambaa kipya kikiingia majini hupungua. Hulowekwa kwanza, kikaanikwa, ndipo kikatwe. Mbona hukuuliza?"

"Ulikuwa na pini mdomoni."

"Si ungesubiri nizitoe!"

Akafungua sanduku, akatoa sketi ya shule ya zamani ya dada yake Kimya. "Hii imefuliwa mpaka basi. Imekwisha kurudi yote."

Wakaenda kwa kina Kidoti. Kidoti akachungulia mlangoni. "Na wewe umekuja kunicheka?"

Kimya alitikisa kichwa tu. Bibi yake Kidoti akawatandikia mkeka. Kimya akafumua kiraka taratibu, shangazi akakata kipande kipana kutoka sketi ya zamani, na Kidoti mwenyewe akapewa sindano. Walipomaliza, bibi hakuamini kwamba kiraka hiki hakitarudi. Akaitumbukiza sketi kwenye beseni, akaikamua, akaianika juani. Ilipokauka, ilikuwa imenyooka kama ilivyoshonwa.

"Mnaona?" shangazi akasema. "Nguo iliyochoka bado ina kazi. Msiitupe, itamfaa mwenzenu. Na wewe Kimya, neno usilolielewa, uliza. Hakuna nguo iliyochanika kwa sababu mtu aliuliza."

Kidoti akaivaa, akajitazama nyuma. "Sasa na mimi nirudi shule? Nisije nikasinyaa!"

Shangazi na bibi wakacheka. Kimya hakucheka. Alikuwa akitafuta maneno, na safari hii akayatoa kwa sauti hata bibi akageuka.

"Dawati limekuwa kubwa mno bila wewe. Wewe ndiye rafiki yangu. Rudi."